Niliyojifunza kwenye vikao vya bunge la Nebraska

Sisi tunaoishi huku Marekani siasa tunayoifuatilia ni ya Washington tu, rais kasaini nini, nani kamjibu nani, tukikutana kwenye harusi au msiba mjadala ndo huohuo mpaka usiku wa manane. Wakati mambo yanayotugusa kila siku, leseni ya kazi, leseni ya udereva, kima cha chini cha mshahara, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, adhabu za mahakamani, karibu yote yanapitia bunge la jimbo. Mimi naishi Omaha, Nebraska, na bunge letu liko Lincoln, kama mwendo wa saa moja kwa gari, na nimekuwa nikienda kule kwa miaka sasa, mara nyingine kwa ajili yangu mwenyewe, mara nyingine nasindikiza watu na kuwatafsiria. Kila Januari napigiwa simu na kuulizwa maswali yaleyale, kwahiyo nimeona niyaweke hapa yote mtu asome kwa mda wake.

Mimi nilianzia kwenye nywele. Nasuka tangu nikiwa msichana Tanga, twende kilioni, yeboyebo, rasta, vyote nimejifunza kwa kukaa na bibi na mashangazi barazani. Nilipofika huku nikaambiwa kwamba kwa sheria ya Nebraska ya wakati ule kusuka kwa malipo kunataka leseni ya urembo, na ili uipate inabidi usome masaa 2,100. Masaa elfu mbili na mia moja, jamani, kwa mtu ambaye hatii dawa kwenye nywele, hakati, hapaki rangi, anasuka tu. Ada ya shule yenyewe kubwa na watoto nyumbani nani atakaa nao. Kwahiyo wanawake wengi wa Kiafrika walikuwa wanasuka majumbani kimyakimya, mteja akigonga mlango unachungulia kwanza ni nani.

Mwanzoni mwa 2016 mteja wangu mmoja, mama wa Kimarekani mweusi, akaniambia we unajua kuna muswada wa nywele umepelekwa Lincoln? Ulikuwa LB 898 (LB ni Legislative Bill, yaani muswada wa bunge), na aliyeupeleka ni Seneta Nicole Fox, mbunge wa jimbo wa hapahapa Omaha, unasema msusi wa nywele za asili asidaiwe ile leseni. Nikaenda. Sikuenda kusema kitu, nilienda kukaa nyuma nione, maana kichwani bunge kwangu lilikuwa ni lile la Dodoma la kwenye TV, wabunge wanagonga meza, Spika anasema waliosema ndiyo wameshinda, sisi wananchi tunaangalia tu kutoka nyumbani. Niliyoyaona siku ile yalinibadilisha kabisa na ndo maana mpaka leo sijaacha kwenda.

Muswada kwanza unasikilizwa kwenye kamati, na chumba cha kamati ni kidogo. Maseneta wanakaa kwenye meza iliyopinda, kamati nyingi zina watu saba mpaka tisa hivi, mbele yao kuna meza moja na kiti kimoja na kipaza sauti. Hicho kiti ni cha mtu yeyote. Seneta aliyeleta muswada anaanza kuueleza, alafu mwenyekiti anaita wanaounga mkono, mmojammoja, alafu wanaopinga, alafu wale ambao hawako upande wowote ila wana jambo la kusema. Unajaza karatasi pale mlangoni, zamu yako ikifika unakaa, unasema jina lako na unalitaja herufi kwa herufi kwa sababu kila kinachosemwa kinaandikwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Kuna taa mezani, ya kijani unaongea, ya njano malizia, nyekundu mda umekwisha. Dakika zenyewe chache, tatu mara nyingi, kamati nyingine tano. Ukimaliza wanaweza kukuuliza maswali, na hapo ndo penye utamu, maana seneta akikuuliza swali ile taa haikuhusu tena, unajibu kwa kirefu.

Sasa sikilizeni hili maana ndo ninaloulizwa zaidi: hakuna anayekuuliza kama wewe ni raia. Hawakuulizi kama umejiandikisha kupiga kura. Kuna mama mmoja wa Uvira nilimsindikiza baadae kwenye muswada mwingine, tukiwa kwenye gari akaniuliza, "Miye sina uraia, bale batu batanisikiya kweli?" Nikamwambia watakusikiliza mama, we sema lako. Tulikuwa tumepiga simu mapema ofisi ya ile kamati kuwaambia kwamba kutakuwa na mtu anatafsiri, akasema kwa Kiswahili na mimi nikafuatisha kwa Kingereza, na lile jina lake refu tukalitaja herufi moja moja mpaka likaingia kwenye kumbukumbu za jimbo la Nebraska lilivyo.

Na hapa Nebraska ni tofauti na majimbo mengine yote 49, maana wao wana mabaraza mawili, seneti na baraza la wawakilishi, sisi tuna moja tu, na wenyewe wanaliita Unicameral. Wabunge wake 49, wote wanaitwa maseneta. Zamani yalikuwepo mawili kama kwingine. Aliyepigania hili jambo anaitwa George Norris, alikuwa seneta wa Nebraska kule Washington, mwaka 1934 alizunguka jimbo zima na gari akihutubia watu vijijini, na mwaka huohuo wananchi wakapiga kura kukubali, kikao cha kwanza cha baraza moja kikakaa 1937. Wabunge walishuka kutoka 133 mpaka 43, hawa 49 walikuja baadae miaka ya 60. Hoja yake Norris ilinigusa sana nilipoisoma. Alisema ukiwa na mabaraza mawili yakapitisha muswada kwa maneno tofauti inabidi iundwe kamati ya watu wachache kutoka kila upande wakajifungie wapatanishe, na mwananchi hawezi kujua nani kafuta kipengele gani mle ndani, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Baraza moja hakuna pa kujificha, kura ya kila mtu inaonekana ubaoni. Kiukweli mimi naamini alikuwa sahihi, na ningependa majimbo mengine wajaribu, ila ni miaka mingi sasa hakuna aliyefuata.

Kitu kingine ni vyama. Kwenye karatasi ya kura ya bunge letu hakuna chama, wagombea wote wanapigiwa kura pamoja kwenye mchujo, wawili wa juu ndo wanakwenda uchaguzi wa Novemba hata kama wote ni wa chama kimoja. Bungeni hakuna kiongozi wa walio wengi wala wa walio wachache, na wenyeviti wa kamati wanachaguliwa na bunge zima kwa kura. Tusidanganyane, kila mtu anajua nani ni Republican na nani Democrat, na miaka ya karibuni huo mgawanyiko naona unazidi. Lakini bado utakuta mtu wa chama hiki kaungana na wa chama kile kwa sababu wote wanatoka maeneo ya wakulima, au wote wanatoka Omaha. Kwahiyo ukienda kuongea na seneta usianze na chama chake. Anza na mtaa wake, na watu wa mtaa wake unaowajua.

Njia ya muswada ntaieleza kwa kifupi maana watu wanachanganyikiwa. Bunge linaanza Januari, mwaka wa namba witiri linakaa siku za kazi 90 na huo ndo mwaka wa kupitisha bajeti ya miaka miwili, mwaka wa shufwa siku 60. Miswada inaingizwa siku 10 za mwanzo tu. Siku kumi! Ukiamka Machi na wazo zuri umechelewa, subiri mwaka ujao. Kila muswada unapelekwa kwenye kamati, na hapa ndo ninapoipenda Nebraska, kila muswada lazima upate kikao cha wananchi kutoa maoni, na tangazo litoke siku saba kabla. Majimbo mengi mwenyekiti wa kamati akiuchukia muswada anauweka kwenye droo na hakuna mtu atausikia. Hapa kwetu hata muswada usio na mtetezi unapata siku yake. Vikao vyenyewe vinakuwa mchana kuanzia saa saba na nusu, Januari mpaka kama Machi hivi, asubuhi maseneta wote wako ukumbini wanajadili, alafu vikishaisha ndo wanahamia ukumbini kutwa nzima.

Ukitoka kwenye kamati unakwenda mjadala wa kwanza, unataka kura 25 kusonga mbele, alafu wanasheria wa bunge wanausafisha, unarudi mjadala wa pili, kura 25 tena, alafu usomaji wa mwisho ambapo karani anausoma wote kwa sauti neno kwa neno isipokuwa maseneta 30 wakubali urukwe. Nimewahi kukaa juu kwenye viti vya wageni siku ya usomaji wa mwisho, karani anasoma kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia popote, na maseneta inabidi wawe kwenye viti vyao. Ukipita unakwenda kwa gavana, ana siku tano, Jumapili haihesabiwi, anasaini au anauacha unakuwa sheria bila sahihi yake au anaukataa.

LB 898 ulipita njia hiyo yote na Gavana Pete Ricketts akausaini Machi 2016. Masaa 2,100 yakafutwa kwa wasusi. Nilivyosikia nilipiga simu kwa kila mtu, kuna dada mmoja alilia kwenye simu na mimi nikalia, maana mtu hawezi kuelewa kama hajawahi kufanya kazi ya halali kwa kujificha.

Lakini ule muswada ulikuwa rahisi, na ingekuwa nimeishia pale ningedhani mambo yote yanakwenda hivyo. Baadae nikaenda kwenye muswada mwingine wa mambo ya leseni za kazi, safari hii na mimi nikakaa kwenye kile kiti, nikasema dakika zangu, maseneta wawili wakaniuliza maswali mazuri, nikatoka mle nimejaa matumaini. Wiki zikapita. Kimya. Kumbe kamati ikimaliza kusikiliza inakaa kikao cha peke yake kuamua, waandishi wa habari wanaruhusiwa kuingia ila sisi wananchi hapana, na kamati ina njia tatu: iupeleke ukumbini, iuue rasmi, au iukalie tu. Wetu ulikaliwa. Hakuna aliyeupinga hadharani, hakuna kura iliyopigwa, mwaka wa pili ulivyoisha ukafa wenyewe pamoja na mamia ya mingine, maana miswada inavuka kutoka mwaka wa witiri kwenda wa shufwa, lakini wa shufwa ukiisha ndo mwisho wake.

Nilivyokwenda kumuuliza mfanyakazi wa ofisi ya seneta, kijana mmoja mpole sana, akanifundisha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza. Hata ukitoka kwenye kamati, kwa idadi ya miswada iliyopo na siku zilizopo, muswada wa kawaida hauwezi kufika zamu yake. Unahitaji kipaumbele. Kila seneta anachagua muswada mmoja tu kwa mwaka, mmoja, uwe wake au wa mwenzake, kila kamati inachagua miwili, na Spika anaongeza mpaka 25. Basi. Kwahiyo swali la kumuuliza seneta anayekuambia anakuunga mkono ni kwamba nani ataupa kipaumbele? Hapo utamuona usoni. Na swali la pili, karatasi ya gharama inasemaje? Maana kila muswada una karatasi inayotolewa na ofisi ya fedha ya bunge inayosema utagharimu jimbo kiasi gani, na mwaka ambao hela hazipo ile karatasi peke yake inatosha kuuzamisha. Muswada wa nywele haukuwa unaomba hela ya mtu.

Hesabu za kura nazo mzishike: 25 kupitisha, 30 kumshinda gavana aliyekataa, 33 kufunga mjadala pale watu wanapoamua kuongea bila kikomo ili muswada ufe kwa kukosa mda. Hii 33 ndo inaamua mambo mazito siku hizi, kwahiyo mwenye kura 26 anaweza kuwa na wengi na bado akashindwa. Mfano wa kuelewesha ni Ernie Chambers. Huyu mzee alikuwa seneta wa Omaha ya kaskazini, eneo la watu weusi, kabla ya hapo alikuwa kinyozi, na aliingia bungeni 1971. Alikuwa anazijua kanuni kuliko mtu yeyote mle ndani, peke yake anaweza kusimamisha bunge zima kwa kuongea na kuleta marekebisho. Karibu miaka yote alipeleka muswada wa kufuta adhabu ya kifo, unaanguka, anarudi nao. Wananchi walipoweka ukomo wa vipindi viwili mfululizo vya miaka minne minne akalazimika kuondoka 2009, akakaa nje miaka minne kama sheria inavyotaka, akagombea tena akarudi 2013. Mwaka 2015 ule muswada ukapita. Gavana akaukataa, bunge likapiga kura tena, 30 kwa 19, yaani kura 30 kamili zinazohitajika, angepungua mmoja tu ingekuwa basi.

Alafu mwaka uliofuata wananchi wakairudisha adhabu ya kifo kwa kura ya moja kwa moja. Mimi iliniuma, nasema wazi. Lakini ndo nikajua kwamba hapa Nebraska baraza la pili lipo, ni wananchi wenyewe, na hata wao kule bungeni wanasema hivyohivyo. Mkikusanya sahihi za asilimia 7 ya wapiga kura waliojiandikisha, na zisitoke Omaha na Lincoln tu, lazima mpate asilimia 5 kwenye kaunti 38 kati ya 93, mnapeleka sheria yenu kwenye kura bila kupitia kwa maseneta. Medicaid, ile bima ya afya ya wenye kipato kidogo, bunge lilikataa kuipanua mwaka baada ya mwaka, 2018 wananchi wakaipitisha hivyo. Kima cha chini nacho, 2022, kutoka dola 9 kupanda kidogokidogo mpaka dola 15 mwaka 2026. Nina ndugu zangu kwenye viwanda vya nyama na kwenye usafi wa maofisi ambao mshahara wao ulipanda Januari na hawakujua umetoka wapi. Ila sahihi ya pale inataka mpiga kura aliyejiandikisha, kwahiyo mliopata uraia tafadhali msikae nao tu kwenye droo, jiandikisheni.

Kwa maseneta wenyewe, hawalipwi kitu, dola 12,000 kwa mwaka, na ni hivyo tangu miaka ya 80. Wengine wanalisifia hili kwamba wanabaki watu wa kawaida. Mimi silipendi. Dola 12,000 maana yake anayeweza kuwa seneta ni mstaafu, mwenye biashara au mwenye shamba lake, muuguzi wa zamu au msusi mwenye watoto atawezaje kuacha kazi kuanzia Januari mpaka Juni? Ndo maana wasaidizi wao na wale watu wa ushawishi wanaolipwa na makampuni wana nguvu, wao wapo mwaka hadi mwaka na seneta anaondoka baada ya vipindi viwili. Utawaona pale nje ya ukumbi kwenye uwazi mkubwa chini ya kuba, wanaandika kikaratasi, kijana mmoja wa kutumwa anakipeleka ndani, seneta anatoka wanaongea wamesimama. Nilichukua mda kujua kwamba na mimi ninaruhusiwa kuandika kile kikaratasi. Andika jina lako, mtaa wako, na sentensi moja. Anayekaa kwenye eneo lake la uchaguzi akimwita huwa wanatoka, maana seneta mmoja anawakilisha watu kama 40,000 hivi, siyo wengi, kura mia moja zinaweza kumtoa.

Juu ya mlango wa kaskazini wa lile jengo kuna maneno yamechongwa kwenye jiwe kwamba usalama wa jimbo uko kwenye raia kukaa macho. Nawaonyesha watu ninaokwenda nao kila safari. Ila wengi wetu tunakaa macho Machi, wakati kazi inafanyika mwaka mzima. Kiangazi bunge likiwa limefunga seneta yuko nyumbani, anauza duka lake au yuko shambani, na kamati zinafanya utafiti wa mambo watakayoyaleta Januari. Huo ndo mda wa kumpigia. Ukienda kwake Septemba na tatizo na watu watatu ambao limewapata, wanasheria wa bunge wanapata mda wa kuliandika vizuri kabla ya zile siku kumi. Mwaka huu tunafanya hivyo na kikundi cha wamama wa Kikongo, Kirundi na sisi Watanzania wachache, wauguzi na walimu waliosoma kwao na huku wanapanga boksi kwenye maghala. Kila mmoja anaandika ukurasa mmoja, alisoma wapi, alifanya kazi miaka mingapi, leseni ilikwama kwenye kipengele gani. Anayekaa Omaha, Lincoln, Grand Island au Lexington na anataka kuingia, uje na vyeti vyako na uwe umeshajua seneta wako ni nani.